Mtoto akisema katumwa: nilivyoacha kuuzia watoto sigara na pombe

Nina duka la rejareja Kihesa, Iringa mjini. Nauza unga, sukari, mafuta ya kupima, vocha na sigara, na kwa kuwa nina leseni ya vileo, pombe pia. Kwa miaka mingi sikuwahi kumuuliza mteja umri wake. Mtoto akija, "Shikamoo mama, baba kanituma sigara mbili", nilifungua pakiti nikampa, na chenji nikamfungia vizuri kwenye karatasi isipotee.

Enzi za viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, nilikuwa na wasiwasi, maana kiroba kinaingia mfukoni mwa kaptula na hakuna anayekiona. Vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, nikajiona nimepona. Kumbe mlango mwingine nilikuwa nimeuacha wazi mwenyewe.

Siku moja ya Julai, baridi kali, mwalimu aliingia dukani na mvulana wa kidato cha pili. Mikono ya yule kijana ilikuwa imejificha ndani ya sweta. Mwalimu akaweka kwenye kaunta kipisi cha sigara kilichozimwa kwa haraka, ncha imepondeka. Akasema, "Mama, huyu ananunua hapa. Anasema katumwa na baba yake. Baba yake havuti." Nilimtambua yule mtoto. Nilikuwa namsifu kwa salamu zake.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa najua kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwamba sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia sigara. Nilichokuwa nimejidanganya ni kwamba neno "katumwa" linaniondolea lawama, wakati mkono unaopokea ni wa mtoto.

Kukataa kijana asiyefahamika ni rahisi. Namwomba kitambulisho cha NIDA au kadi ya mpiga kura, hana, namwambia sitauza. Aliyevaa sare ya shule simuuzii hata akisema yuko kidato cha sita na ana miaka 19. Pombe na sigara nimezihamishia nyuma yangu, mtu hawezi kujichukulia. Binti anayenisaidia nilimwambia kabisa: akiwa na shaka, asiuze, na hasara ya mauzo hayo ni yangu, wala sitamkata mshahara. Hilo la mshahara lilimpa nguvu kuliko maelezo yote ya sheria.

Kazi ilikuwa kwa wazazi. Huku kwetu mtoto kutumwa ni malezi, na wengi wetu tulikua tukitumwa kilabuni kufuata ulanzi, pombe ya mianzi, tukirudi na dumu huku tunaonja mtogwa, ule ulanzi mtamu ambao haujachacha, njiani. Ukimrudisha mtoto wa mtu mikono mitupu, baba yake anaona umemdharau yeye. Mzee mmoja jirani alikuja amefura, akanisalimu kwa Kihehe: "Kamwene. Binti yangu, hela yangu imekuwa mbaya?" Nilimkaribisha benchi, nikamweleza habari ya kile kipisi cha sigara, bila kutaja ni mtoto wa nani. Alinyamaza, akanunua, akaondoka bila kuaga.

Basi nikaamua kuwafuata wenyewe. Jioni, mauzo yakipoa, nilipita kwa wateja wangu wa sigara nyumba kwa nyumba. Niliwaambia: chumvi na kiberiti mtume mtoto, sigara na pombe njoo mwenyewe au nipigie, nikifunga duka nitakupitishia. Wengine walihamia duka la jirani, na mwezi wa kwanza nilizihisi zile hela. Nikaenda kwa jirani huyo pia, nikamwomba tushikamane. Alikubali kwa sigara, kwa bia bado tunavutana.

Wiki iliyopita mjukuu wa yule mzee alifika anahema. "Shikamoo mama. Babu anasema umwekee zake mbili, anakuja mwenyewe akitoka shamba." Nilimpa kiberiti alichotumwa, nikaziweka zile mbili kando. Mzee alifika saa moja jioni, koti limelowa manyunyu.