Mwaka wa nauli: tupange likizo mapema

Mwaka huu ni zamu yangu ya nauli. Likizo mtumishi wa umma anapata kila mwaka, ila nauli ya kwenda nyumbani hulipwa mara moja katika miaka miwili: yake, ya mwenza wake na ya wategemezi wasiozidi wanne. Mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya kijiji wilayani Nachingwea, na kwetu ni Bukoba. Kutoka kusini huku hadi Ziwa Victoria na watoto na mizigo, nauli hiyo ndiyo inayoamua kama bibi yao atawaona au la.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu, hasa walioajiriwa karibuni, msiijaze ratiba ya likizo ilimradi mmejaza. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Anayetaka kusafiri Desemba akamkumbuka afisa utumishi mwezi Novemba anaweza kukuta fungu halina kitu, akabaki na madai.

Desemba yenyewe ina gharama yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo, na sikukuu ikiangukia ndani haifidiwi. Uhuru, Krismasi na siku inayofuata, zote zinaweza kumezwa humo. Mimi nakubali. Msimu wa senene, ukoo mzima ukiwa nyumbani, siubadilishi na mwezi mwingine.

Lakini chanjo za watoto hazisubiri msimu wa senene. Mfumo wa ESS, ambao mtumishi wa umma huutumia mwenyewe mtandaoni, umerahisisha kuomba likizo, ila mtu wa kushika zamu yako lazima mkubaliane ana kwa ana. Hapa kwetu tumepatana kwamba aliye kwenye mwaka wa nauli achague mwezi kwanza. Mwenzangu ambaye kwao ni Newala ameridhia Februari. Mwakani atachagua yeye. Tunaye pia dada anayetarajia kujifungua. Likizo yake ya uzazi ni siku 84, na akipata mapacha ni 100, kwa hiyo tulimweka yeye kwenye ratiba kabla ya sisi wote. Nadhani hiyo ndiyo haki.

Kinachonisumbua ni zahanati zenye wahudumu wawili tu. Kama uko huko, tafadhali niandikie: mmoja akienda likizo, nani anabaki na wajawazito usiku?