Mawinda kwenye mizani

Mama yangu alikuwa na kipimo kimoja cha watoto wachanga: anayekojoa vizuri ni mzima. Wifi yangu alipojifungua njiti wa wiki 30, gramu 1,350, Mama hakuuliza habari za mapafu. Alilipapasa winda, likamlowesha vidole, akatangaza kwamba figo hazina neno.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na sina kazi, kwa hiyo nikapewa kazi ya kupeleka mawinda safi kwa baiskeli, kutoka mtaani kwetu Ngamiani hadi hospitali iliyo upande wa bahari. Muuguzi alilipima winda likiwa kavu, akalipima tena limelowa, akaandika tofauti. Gramu moja ni kama mililita moja ya mkojo. Mkojo ulikuwa mwingi kweli, lakini uzito wa mtoto ukawa unashuka. Mama akaanza kuishuku mizani.

Kilichomchefua hasa ni sindano. Mtoto wa kitanda cha jirani, aliyezaliwa miezi yake imetimia, alichomwa gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kila siku. Wetu akirukwa siku. Daktari wa zamu, kijana mpole, alipopita, Mama alimshika mkono wa koti.

"Mwanangu, au kwa kuwa sisi hatuna mtu humu ndani?"

"Hapana, mama. Dawa hii hutolewa mwilini na figo, na figo za mjukuu wako bado zinajengwa."

Akavuta kiti, akageuza fomu iliyokwisha kutumika, akaanza kuchora. Sijui kama wodi ilimruhusu muda ule wote, lakini alikaa.

Figo hizi tulizo nazo, alisema, ni za tatu. Jozi mbili hutangulia tumboni kisha huondoka, na hii ya kudumu huanza wiki ya 5, chini kwenye nyonga, ndipo ipande taratibu hadi kiunoni. Chipukizi la mrija wa mkojo huingia kwenye rundo la seli, likagawanyika matawi mawili, na kila ncha ikagawanyika tena, kama mwembe usiopogolewa. Kila ncha huziita seli za jirani zijikusanye kuwa kifundo. Kifundo hicho hupata uwazi ndani, hujikunja mfano wa alama ya mkato, kisha mfano wa herufi S. Upande mmoja wa S huungana na tawi lililouita, mkojo upate pa kupitia. Kwenye mkunjo wa upande wa pili hupenya mshipa mwembamba wa damu, ukajisokota kuwa kifundo cha kuchujia, glomeruli. Seli zinazokizingira huota vidole vinavyofumana, na katikati ya vidole hivyo ndimo maji yanamopita, damu ikabaki. Kitu kizima, chujio na mrija wake, ndiyo nefroni.

Kazi huanza kabla ujenzi haujaisha. Kuanzia kama wiki ya 10 mtoto anakojoa, na katika nusu ya pili ya mimba maji ya uzazi kwa sehemu kubwa ni mkojo wake.

"Astaghfirullah," Mama alisema. "Na anayameza?"

"Anayameza, mama."

Zaidi ya nusu ya nefroni hutengenezwa katika miezi mitatu ya mwisho. Kongwe ziko ndani, changa ziko ukingoni. Karibu na wiki ya 36 ujenzi hufungwa, na haiongezwi hata moja mpaka mtu anakufa. Figo ya mtu mzima ni kubwa kwa sababu nefroni zilezile zimenenepa na kurefuka. Wengi wana kama milioni 1 kila figo, wengine laki 2 tu, wengine zaidi ya milioni 2. Wetu alitoka kazi ikiwa katikati. Mirija yake ilikuwa haijaweza kurudisha maji na chumvi mwilini sawasawa, ndiyo maana mawinda yalilowa huku yeye akipungua. Na gentamaisini ikikawia kwenye damu huumiza figo hizohizo.

Mama akauliza kama ujenzi umekatika. Daktari akasema kwa njiti huendelea hata nje ya tumbo, ingawa baadhi ya vichujio hutoka na kasoro, na huonekana kukoma kwenye siku ya 40 hivi.

"Arobaini!" Mama alipiga paja. "Si ndiyo arobaini yenyewe?"

Daktari alijaribu kueleza kwamba hiyo ni kwa njiti tu, tena ni makadirio. Hakusikilizwa. Mtaa mzima uliambiwa mtoto haonwi na mtu mpaka figo zifunge, na kwa kweli amri hiyo ilitusaidia kuliko maelezo ya wodini, maana majirani wenye mafua walikaa kwao.

Tuliporuhusiwa tuliambiwa asipewe dawa za maumivu wala mitishamba bila kuuliza, na apimwe presha kila mwaka. Sababu niliielewa baadaye, niliposoma kwamba mwaka 1988 daktari wa figo Barry Brenner na wenzake walitoa hoja kuwa anayezaliwa na nefroni chache hulazimika kuzitumikisha kupita kiasi, na presha hupanda ukubwani. Kaka yangu humpeleka bila kukosa. Alipokuwa mdogo taabu ilikuwa mkanda wa kufunga mkononi: ule wa watu wazima ukifungwa kwenye mkono wa mtoto husoma chini kuliko ilivyo. Kaka akawa anaomba mdogo, anaambiwa haupo, anaketi kwenye benchi mpaka uletwe.