Betri nne za zahanati ya kisiwani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Geita aliniandikia: "Shikamoo dada. Nasikia kazi za sola zina hela. Nisome kozi gani?" Nimekaa na swali lake siku nne. Kila nikitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nakumbuka zahanati moja kwenye kisiwa cha upande wa Buchosa, na betri nne nilizozikuta kwenye stoo isiyo na dirisha.

Ilikuwa 2019. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lilikuwa bado, kwa hiyo kutoka Mwanza nilivuka kwa kivuko, nikala vumbi la barabara, nikamalizia na mtumbwi wa injini. Nesi alinipokea mwaloni. "Karibu fundi. Taa zetu zimekufa tangu kabla ya Krismasi." Usiku alikuwa anazalisha kwa tochi ya simu, na anayeishika ni yeyote aliyemsindikiza mzazi. Wakati mwingine ni mama mkwe mwenye mikono inayotetemeka.

Nilianza na paneli juu ya bati. Maltimita ikanionyesha volti 21 kwa kila moja, bila mzigo, jua la saa nne asubuhi. Paneli nzima kabisa. Nikashuka stoo, nikafungua vifuniko vya betri kwa sarafu, nikamulika ndani. Sahani za risasi zilikuwa wazi, kavu, zimeota unga mweupe. Hata tone la maji ya betri halikuwa limeongezwa tangu zifungwe. Halafu nikaona waya mwembamba uliotoka moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye chaji kontrola, ukachungulia chini ya mlango, ukaishia kwenye televisheni ya nyumba ya jirani. Kontrola ndiyo hukata umeme betri ikishuka sana. Ukiiruka, betri itanyonywa mpaka ife.

Waliofunga mfumo ule walikuja siku mbili, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyemfundisha nesi chochote. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Fundi, tungejua tungeongeza maji." Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Chumba cha pili, friji ya chanjo ilikuwa inafanya kazi vizuri. Ile ina paneli zake na haina betri hata moja: mchana inagandisha barafu ndani ya kuta zake, usiku barafu hiyo ndiyo inatunza ubaridi. Aliyeibuni alijua betri ndiyo hufa kwanza.

Sasa, mdogo wangu wa Geita, umesikia vizuri kwamba kazi zipo. Bei ya paneli duniani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 2010 na 2020, ndiyo maana kitu kilichokuwa cha mapadri na mashirika leo kiko kwenye genge la chipsi. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilihesabu ajira milioni 16.2 mwaka 2023, na zaidi ya milioni 7 kati ya hizo ni za sola. Lakini zaidi ya nusu ya hizo za sola ziko China, ambako paneli zinatengenezwa. Huku kwetu kazi ni kuuza, kupanga, kufunga na kutunza. Hilo la mwisho ndilo lenye watu wachache, na ndilo ninalokuomba ulifikirie.

Anza na umeme wa majumbani pale VETA, umalize, ufuatilie leseni yako EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Usirukie sola moja kwa moja. Vishoka, mafundi wasio na leseni, tunao wa kutosha, na umeme wa sola una hatari yake: ni disii, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, na cheche ya disii haizimiki upesi kama ya umeme wa kawaida. Nimeona swichi ya ukutani imeyeyuka kwa sababu fundi alifunga ya umeme wa kawaida aliyokuwa nayo mfukoni. Tafuta breka za disii hata kama mteja analalamika bei.

Halafu jifunze hesabu. Mteja akikwambia "nataka sola ya laki tatu", kaa naye chini umuulize anawasha nini na kwa saa ngapi. Taa 5 za wati 5, saa 5 kila siku: wati-saa 125. Televisheni ya wati 30, saa 4: 120. Simu 3, kama 45. Jumla 290. Ongeza karibu theluthi kwa hasara za waya, betri na inveta (kifaa kinachogeuza disii kuwa umeme wa kawaida), unafika kama 380. Jua letu ukilikadiria saa 5 za nguvu kamili kwa siku, unahitaji wati 76, kwa hiyo funga paneli ya 100. Betri ya volti 12 itatoa amp-saa 32 kwa siku, na ya risasi usiishushe chini ya nusu. Maana yake betri ya N70, yaani ya amp-saa 70, itamtosha siku moja tu. Siku mbili za mawingu atakaa gizani. Mwambie hivyo kabla hajalipa.

Ukipanda juu, acha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati hewa ipite, maana paneli ikipata joto inapungua nguvu. Iinamishe hata nyuzi 10, mvua ioshe vumbi.

Na kama hupendi kupanda juu ya nyumba, zipo kazi nyingine. Jioni ile mwaloni nilimkuta kijana mwenye kibanda cha kuchaji na kutengeneza taa za wavuvi wa dagaa. Zamani ziwa zima lilikuwa karabai na mafuta ya taa. Yeye ana betri zenye namba za rangi, daftari, na chuma cha kulehemu risasi. Wavuvi wanamheshimu kama daktari.

Kwenye zahanati ile nilirudi baada ya wiki tatu na betri mpya zilizochangiwa na kijiji. Tukatoboa dirisha kwenye stoo gesi ya betri itoke, nikaondoa waya wa jirani mbele yake (alinisaidia kuukunja), nikamwachia nesi maltimita yangu ya pili na dumu la maji ya betri. Tukakubaliana: kila asubuhi kabla jua halijapanda, apime volti za betri, aandike.

Nilipokwenda tena baada ya miezi minne, aliniletea daftari kabla hata sijaketi. 12.5. 12.6. 12.5. Siku moja 12.1, na pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: "Mvua siku 2. Tumezima taa za nje. Mtoto wa kike, kilo 3.1, saa 9 usiku."

Jumamosi hii nakwenda tena. Kama unaweza kufika Busisi saa moja asubuhi, njoo na viatu visivyoteleza.