Barua Niliyowaachia Wenzangu

Desemba 2022 niliamua kwamba barua yangu ya mwisho ya mwaka isingechambua kitabu chochote. Ningewataja wenzangu. Mimi huendesha kijarida cha barua pepe kuhusu vitabu vya zamani ambavyo hakuna anayeviulizia tena, na wasomaji wangu wamezoea kupata kitabu kimoja, hoja moja na malalamiko mawili matatu. Safari hii wangepata waandishi sita wenye vijarida vyao, pamoja na sababu za kuwasoma.

Chanzo kilikuwa hasira kidogo. Mwezi Aprili mwaka huo Substack, huduma ambayo wengi hutumia kutuma vijarida vya barua pepe, walikuwa wameanzisha mapendekezo: mwandishi anachagua vijarida anavyovipenda, na msomaji mpya akishajiandikisha kwake anaoneshwa na vile vingine, aviongeze kwa bonyezo moja. Jambo jema, tena si geni. Miaka ya 1990 wenye tovuti walikuwa wakiziunganisha kwa duara, ukitoka kwa huyu unaingia kwa yule, hadi unajikuta umerudi ulikoanzia. Wanablogu wakaja na orodha za majirani pembeni mwa ukurasa. Januari 2009 Micah Baldwin akawahimiza watu wa Twitter wawataje kila Ijumaa watu wanaofaa kufuatwa, na haikuchukua muda Ijumaa zikajaa misururu ya majina yasiyo na hata neno moja la kueleza huyu ni nani na ana nini.

Katika kundi letu la gumzo la waandishi wa vijarida mambo yakaenda njia hiyohiyo. Mtu anaingia asubuhi: "Wapendwa, nimewapendekeza wote, naomba mnirudishie." Na anarudishiwa. Watu wakawa wanawapendekeza wenzao ambao hawajawahi kuwasoma hata aya moja. Mmoja alinitangaza kwa wasomaji wake kuwa mimi ni "mshairi mahiri". Sijawahi kuchapisha ubeti wowote, na wachache waliowahi kuyaona mashairi yangu wananishukuru kwa hilo.

Nilipotaja kundini kwamba nataka kuandika barua nzima ya kuwasifu baadhi yetu, na si kuweka alama tu kwenye visanduku, mkongwe wetu mmoja alinijibu kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dada mwingine akaongeza ya kwake, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikawaza sana juu ya hiyo ya pili. Huenda ina ukweli mahali ambapo bidhaa imewekwa wazi na watu wanapita. Lakini kijarida kinachoingia kimyakimya kwenye vikasha vya watu arobaini kinajiuzia wapi? Hakina njia inayopita mbele yake. Ukikijua ni kwa sababu kuna aliyekuambia. Na kuhusu mgema, nilimjibu kaka yule kwamba asiyesifiwa kabisa mwishowe hushuka mnazini akatafuta kazi nyingine. Wawili kundini walikuwa wameshashuka mwaka huo, bila hata kuaga.

Nikajiwekea masharti. Kila nitakayemtaja nimtajie barua moja ya kuanzia, nieleze ndani mna nini, kisha niseme ni nani asijisumbue kujiandikisha. Hilo la tatu ndilo lililokuja kuzua maneno, na ndilo ninalolitetea mpaka leo. Pendekezo lisilomzuia mtu yeyote mlangoni ni tangazo la biashara. Kwa hiyo kuhusu muuguzi wa zamu za usiku niliandika kwamba anayetafuta ushauri wa afya aende kwingine, maana huyu anaandika sauti za wodi saa tisa usiku na hasemi lolote kuhusu dawa. Kuhusu mwalimu wa hisabati anayeandika juu ya namba tasa bila kutumia fomula hata moja, nilionya kwamba wanaojua hisabati watachoka na wasioijua watakosa usingizi.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu huwezi kuchagua barua moja ya mtu bila kuzisoma zote. Nilirudi nyuma kwenye kumbukumbu zao za miaka. Hapo ndipo nilipomgundua upya fundi saa wetu, mzee mstaafu ambaye kundini huzungumza mara moja moja tu na kila mmoja wetu humwamkia. Nilichagua barua yake kuhusu John Harrison, seremala aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta saa itakayotunza wakati sahihi baharini, na ambaye saa yake ya nne, ile iliyopelekwa majaribioni kwa meli mwaka 1761, ilikuwa na kipenyo cha sentimita 13 hivi, ya kushikika mkononi. Kisa hicho wengi wamekisimulia. Mzee alikisimulia kutokea ndani ya saa: chuma kinavyotanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, meli inavyoyumba, kila kitu kinavyokula njama dhidi ya gurudumu dogo linalojaribu kwenda na kurudi kwa mwendo uleule. Nikaandika kwamba asiyependa kuelezwa jambo mara mbili asijiandikishe, maana mzee hueleza kila gurudumu mara mbili, na mara ya pili ni polepole zaidi.

Kulikuwa na mfasiri pia, na kwake kulikuwa na haraka. Alikuwa akitumia Revue, huduma ya kutuma vijarida ambayo Twitter waliinunua Januari 2021 na ambayo sasa ilikuwa imetangazwa kufungwa tarehe 18 Januari 2023, data zote zifutwe. Kiungo ambacho ningekiweka mwezi huo kingekuwa kimekufa mwezi unaofuata. Nikamwandikia kumuuliza anahamia wapi, naye akajibu kwamba hajui kama anahamia. Nikamwambia, basi fungua popote leo, hata kama ni ukurasa mtupu, maana nina barua inayoondoka Alhamisi. Akafungua. Yeye ndiye pekee aliyejua mapema kwamba atatajwa. Wengine niliwaficha.

Nisizunguke kuhusu mambo ya kiufundi, ila moja tu lilinitesa: Gmail huikata barua inayozidi takribani kilobaiti 102, na sehemu inayobaki msomaji huiona akibonyeza tu. Picha hazihesabiwi, kwa kuwa huvutwa kutoka nje. Kinachohesabiwa ni maandishi na msimbo unaoyapamba, pamoja na vile viungo virefu vya kufuatilia nani kabonyeza nini. Barua yangu ilikuwa imepita kiwango. Maana yake ni kwamba wa mwisho katika orodha angeangukia chini ya mkato, na wa mwisho alikuwa yule niliyemtaka asomwe kuliko wote. Nikafuta utangulizi wangu karibu wote. Barua ilitoka bora.

Huyo wa mwisho ni mwanamke anayeandika kuhusu mwezi. Hutuma barua kila mwezi unapoandama, akiuona kwa macho yake mwenyewe. Kukiwa na mawingu, barua huchelewa. Kwa kuwa kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi, barua zake 12 hukamilika kwa siku 354 na ratiba yake haipatani na kalenda ya mtu yeyote. Hana picha, hana vichwa vidogo, hana "shiriki na rafiki". Wasomaji wake hawakufika hamsini. Tarehe 8 Novemba mwaka huo mwezi ulipatwa kikamilifu, na pale alipokuwa yeye haukuonekana, ulikuwa mchana. Aliandika barua kuhusu kupatwa ambako hakukuona: saa zote zile akifua nguo, akijua kwamba upande mwingine wa dunia watu wameinua shingo na mwezi umekuwa mwekundu kwa mwanga wa jua uliopinda kwenye hewa ya dunia, na mle ndani ya wekundu ule, akasema, mna kila machweo na kila mapambazuko yaliyokuwapo duniani dakika ile. Niliisoma nikiwa nimesimama, sikukaa hadi nilipoimaliza. Nikaiweka kwenye orodha, nikaandika chini yake: anayetaka kuelewa kila kitu asijiandikishe.

Barua ikaondoka Alhamisi. Majibu yalianza kuingia siku hiyohiyo na kwa mara ya kwanza karibu yote hayakunihusu, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mfasiri alipata wasomaji kabla hajachapisha chochote mahali papya, akaniandikia kwamba sasa hana budi. Muuguzi alituma neno moja tu, "Jamani!" Kundini walinuna wachache ambao hawakutajwa, na mmoja akauliza hadharani kwa nini masharti ya "asijisumbue" hayakuwa ya heshima zaidi. Mkongwe wetu wa methali akamjibu kabla yangu kwamba yeye mwenyewe amejiandikisha kwa mwalimu wa hisabati kwa sababu ya onyo lile na kwa kweli anakosa usingizi.

Kisha ikaja barua ya mwanamke wa mwezi. Ilianza kwa salamu ndefu na za upole, nikajua kuna jambo.

"Ndugu yangu," aliandika, "umenipenda, nimeona, na Mungu akulipe. Lakini ungeniuliza." Akaeleza kwamba kwa siku tatu wameingia watu mamia. Wale wa zamani alikuwa anawajua. Karibu kila mmoja aliwahi kumjibu: huyu ana mgonjwa, yule huangalia mwezi kutoka dirisha la ofisini. Akiandika alikuwa anawaandikia wao. Sasa akikaa kuandika anaona uwanja.

Nilimjibu kwamba ukurasa wake una kitufe cha kujiandikisha ambacho alikiweka kwa mkono wake, na kwamba mtu hawezi kuacha mlango wazi kisha akawalaumu wanaoingia. Naye akanijibu kwamba mlango wazi si mwaliko wa kuleta basi. Hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu alikuwa amenishinda kwa maneno ingawa sikukubali kwamba amenishinda kwa hoja. Wala sijakubali. Anayechapisha amechapisha. Lakini aliongeza jambo lililonigusa kwa namna nyingine. Alisema mimi huenda nafurahia tarakimu za waliofungua barua, ilhali tarakimu hizo zimekuwa hazina maana tangu 2021, pale Apple walipoanza kuzipakua picha zote za barua hata kama mwenye simu hajaifungua, ikiwamo ile picha isiyoonekana ya pikseli moja ambayo kazi yake ni kuchungulia kama barua imefunguliwa. Yeye hupima kwa majibu tu. Wapya mamia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandika neno.

Mwezi uliandama siku chache kabla ya mwaka kwisha, na barua yake ikaja. Safari hii ilianza kwa kuwaambia wageni wazi: hapa hakuna nyota, hakuna utabiri, hakuna picha, na barua huja anga ikitaka. Wale waliovutwa na habari za kupatwa, akawaarifu kwamba kupatwa kamili kwa mwezi kunakofuata ni Machi 2025. Kama ndicho wanachongojea, basi waondoke kwa amani na warudi wakati huo. Ilikuwa na ukali wa mama anayefagia sebule wageni wakiwa bado wamekaa. Wengi wakajiondoa. Aliniambia idadi, na nadhani alitaka nisikitike, lakini nilikuwa nimeshaisoma barua ile na kuiona ni miongoni mwa bora alizowahi kuandika.

Miongoni mwa waliobaki alikuwamo fundi saa. Alikuwa ameisoma orodha yangu mpaka chini, akamkuta, akajiandikisha bila kuniambia. Na katika barua yake ya Januari akaandika juu ya saa zinazoonesha mwezi: kisahani kilichochorwa miezi miwili, kinachozungushwa na gurudumu la meno 59, kwa sababu miandamo miwili ya siku 29 na nusu ni siku 59. Akamshukuru "binti yangu mwenye mwezi" kwa kumfanya aifungue saa moja ambayo ilikaa miaka kwenye mtoto wa meza.

Binti alimjibu siku hiyohiyo, na nakala nikapata mimi. "Shikamoo mzee. Saa yako inaongopa." Mwandamo si siku 29 na nusu kamili, akaandika, kuna dakika 44 hivi zaidi, na dakika hizo hazipotei. Zinarundikana mwandamo baada ya mwandamo, na baada ya miaka miwili na miezi saba au minane, mwezi wa saa umepishana na mwezi wa mbinguni kwa siku nzima. Mzee akaitikia marahaba, akakiri dakika 44, kisha akaeleza, mara mbili, kwamba wapo mafundi waliolijua hilo na kutengeneza gurudumu la meno 135, ambalo huchukua takribani miaka 122 kabla ya kukosea siku moja. Akauliza kama hilo linamtosha.

Halikumtosha. Alitaka kujua nani atakuwapo baada ya miaka 122 kuisogeza. Mpaka leo wanaandikiana, na mengi ya wanayobishana huishia kwenye barua za mmoja wao baada ya wiki chache. Yeye bado anasema nilipaswa kumuuliza kwanza. Kuandika haya nimemwomba ruhusa, naye amenipa kwa sharti kwamba nisiweke kiungo.