Jiko moja la mkaa, simu ya zamani na kikombe cha kupimia

Nianze na hesabu ya kuanzisha hii blogu yangu ya mapishi maana ndo mnayoniuliza kila siku. Miezi mitatu ya kwanza ya kuandika mapishi nilitumia shilingi 53,000 nje ya hela ya chakula. Taa ya duara ya kupigia picha 35,000, kikombe na vijiko vya kupimia 6,000, bando la ziada 10,000, sahani moja nyeupe ya mtumba 1,000 na manila mbili 1,000. Ile 35,000 ilipotea na ntaeleza ilivyopotea. Blogu yenyewe sikulipia kitu, nilifungua Blogger kwa akaunti yangu ya Gmail, iko chini ya Google tangu 2003, unapewa anwani inayoishia na blogspot.com na unaanza kuandika siku hiyohiyo. Anwani yako mwenyewe ya .co.tz ni nzuri na mi naitamani pia, ila sio kitu cha kukuzuia kuanza.

Kabla sijaendelea, jambo la sheria kwa walioko Tanzania. Ulipoanza utaratibu wa leseni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka ukizijumlisha zilikuwa zinavuka milioni mbili, na kuna wanablogu walioacha kuandika kabisa. Baadae kanuni ziliandikwa upya 2020 na zikarekebishwa 2022. Kwahiyo usichukue habari za kwenye magrupu, kasome mwenyewe kanuni za TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zinazotumika sasa uone za mtu anayeandika mapishi zinasemaje. Ni jioni moja tu ya kusoma na roho inatulia.

Sasa tuje kwenye chakula, maana hela inaishia huko. Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kununua chakula kwa ajili ya blogu. Yaani naona mtu kapika keki ya karoti na jibini nami nakimbilia supamaketi kununua vitu ambavyo sijawahi kuvila, napika mara moja, haitoki, siagi ya elfu kadhaa imeenda na kesho yake sina hela ya mboga. Wiki mbili za hivyo nikakaa chini nikajiambia hapana, naandika kile kinachopikwa hapa ndani siku zote. Mchicha wa nazi, maharage, dagaa, wali, mihogo, matembele, vitumbua vya asubuhi. Tangu hapo blogu hainigharimu chakula kwasababu chakula tungekula tu hata kama hakuna anayesoma, na hata jaribio likiharibika tunalila hivyohivyo, wali ukiwa bokoboko watoto wa dada yangu wanautia sukari maisha yanaendelea.

Na kuna sababu nyingine zaidi ya hela. Ukitafuta mapishi kwa Kiswahili utakuta mengi yanakwambia washa oveni nyuzi 180. Mi nina jiko la mkaa moja na mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao mwisho wa mwezi unakuwa mtupu, na najua nyumba nyingi za hapa mtaani kwetu Mbagala ziko hivyo. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, naliunga mkono kwa moyo wote maana mama yangu ameshavuta moshi vya kutosha. Lakini leo mchana mtu anapika kwa mkaa, na yeye pia anastahili kuambiwa mkate wa kumimina unaivaje: makaa machache sana chini, mengi juu ya mfuniko, na usifunue funue. Hayo ndo mapishi ninayotaka kuyaandika, mtu asome akiwa na alichonacho.

Mkaa nao ni hela, kwahiyo kila pishi naandika na mkaa wake. Maharage nayaloweka toka usiku, asubuhi namwaga yale maji naweka mapya, yanaiva kwa muda mfupi sana ukilinganisha na yale unayoyaweka jikoni makavu. Yakiiva makaa hayajaisha, basi nabandika tui na mchicha hapohapo, moto mmoja vyakula viwili. Ukiandika kitu kama hicho watu wanakushukuru kuliko ukiandika biriani.

Haya, kipimo. Hapa ndo nilipopata shida ya kweli. Mama yangu yuko Tanga, chochote ninachojua jikoni ni chake, na nilipoanza nikampigia simu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamwambia nataka wali wa nazi kwa vipimo niandike. Akaniambia tia tui kiasi, chumvi kiasi, mchele ukinywa tui unapalia. Mama, kiasi gani? Kiasi tu mwanangu, si utaona mwenyewe. Na kweli yeye anaona, miaka arobaini jikoni, lakini binti aliyepanga chumba Mwanza anayepika wali wake wa kwanza haoni chochote, atamwaga maji na kukata tamaa.

Kwahiyo nikaanza kupima. Nazi moja kavu nilinunua, nikaikuna kwa mbuzi, nikatia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, nikakamua kwenye kifumbu nikapata tui zito kama kikombe kimoja. Machicha yaleyale nikayatia tena maji, nikakamua mara ya pili na ya tatu hadi nikapata vikombe viwili na nusu vya tui jepesi. Mchele vikombe viwili, umeoshwa na kuchuja. Tui jepesi linachemka kwanza na chumvi kijiko kimoja cha chai, unatia mchele, ukikaribia kukauka ndo unamimina lile zito, unageuza mara moja taratibu, unafunika na kupalia makaa juu. Mara ya kwanza ulitoka mgumu kidogo katikati, mara ya pili sawa kabisa, mara ya tatu nilitumia mchele mpya wa msimu ukatoka umelojeka kwa vipimo vilevile. Nikampigia tena mama, akacheka, akasema mchele mpya haunywi sana, wa zamani ndo unakunywa. Yaani miaka yote nakula wali wake sikujua kuwa kila gunia jipya likiingia ndani yeye anapunguza tui. Hiyo nimeiandika juu kabisa kwenye lile pishi na kwa herufi nzito, punguza nusu kikombe cha tui jepesi kama mchele ni mpya.

Mapishi mangapi tunayapoteza hivi, mtu anaondoka na kiasi chake mkononi na hakuna aliyewahi kukipima. Linaniuma sana hili, bibi yangu alikuwa akipika mchuzi wa papa ambao hakuna hata mmoja wetu anayeuweza.

Turudi kwenye picha. Ile taa nilinunua kwenye duka moja mjini, muuzaji kaniapia ni imara, wiki mbili ikazima haijawaka tena na duka likakataa kuirudisha. Nikakaa bila taa kwa lazima, alafu nikagundua sikuwa naihitaji. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama mashariki. Asubuhi jua linaingia moja kwa moja, linachoma picha, upande mmoja wa sahani mweupe pee na mwingine mweusi. Kwahiyo kama napiga asubuhi natundika shuka jeupe jepesi dirishani, mwanga unapoa. Ila kuanzia saa saba mchana jua limeshahamia upande wa pili wa nyumba, na pale dirishani panabaki mwanga mtulivu usiohitaji kitu chochote. Sahani naiweka kwenye stuli karibu na dirisha, manila nyeupe naisimamisha upande wa ndani ikiegemea ndoo ili irudishe mwanga kwenye kivuli, basi. Taa ya chumbani nazima mchana kweupe kwasababu ile rangi yake ya njano inafanya wali uonekane umelala. Flashi usiiguse kabisa, mchuzi unang'aa kama bati.

Simu yangu ni ya miaka minne, imepasuka kona. Kinachosaidia ni kufuta lenzi, nasema kila siku na narudia, futa lenzi kwa kitambaa laini kila unapopiga maana mikono ya jikoni ina mafuta. Na chakula cha moto kinapandisha mvuke unaotanda kwenye lenzi, subiri dakika mbili, tatu. Wali na maharage napiga kutoka juu, vitumbua napiga kutoka pembeni nimeinama hadi usawa wa sahani ili lile umbo lake la kunenepa katikati lionekane na kingo zake za kahawia. Chini natandika mkeka au kanga. Kanga angalia jina lake, kuna siku nilitandika bila kuangalia, maneno yakatokea yote kwenye picha na wasomaji wakawa wanajadili nimemlenga nani badala ya matembele. Saivi nakunja nitumie mji wake tu.

Kwa wanaotoka kazini jioni kama mimi, usilazimishe kupiga usiku. Siku za kazi napika, naonja, napima, naandika kwenye daftari. Jumamosi na Jumapili ndo napika cha kupigwa picha na kinakuwa chakula cha mchana cha nyumba nzima. Wanasubiri dakika kumi, wameshazoea.

Alafu punguza ukubwa wa picha kabla hujapandisha. Picha ya simu kama ilivyo ni MB tatu, nne, ukiweka kumi umekula bando lako na la msomaji, na anayesoma akiwa sokoni anataka kujua anunue nazi ngapi atafunga kabla picha haijafunguka. Mimi nazishusha hadi chini ya KB 200 kwa programu ya bure ya simu na bado zinaonekana vizuri. Picha nne kwa pishi moja zinatosha, ila orodha ya vitu vya kununua naiweka juu kabisa, na bei niliyonunulia siku hiyo na soko nililonunulia. Mchicha fungu la jero Tandika, nazi, kitunguu, nyanya, ili mtu ajue kama leo anaweza.

Pesa kutoka kwenye blogu sijaiona bado na sitawadanganya. Nilichopata ni kwamba watu wananiandikia wamepika. Kuna dada mmoja yuko Muscat anafanya kazi za ndani, alipika mihogo ya nazi kwa vile vipimo vyangu akatuma picha ya bakuli, picha imepigwa vizuri kuliko yangu. Nilikaa nikaitazama muda mrefu.

Mwezi wa kumi na mbili naenda Tanga wiki mbili. Nauli nimeshaanza kuiweka, na kwenye begi natanguliza kikombe, vile vijiko na daftari jipya. Nimekubaliana na mama kuwa atapika kama kawaida yake, ila chochote kabla hakijaingia sufuriani kitapita kwanza kwenye kikombe changu. Amesema nitamchelewesha. Tutaanza na mchuzi wa papa, anadhani anakumbuka nusu ya ule wa bibi.