Barua ya maegesho ya supamaketi usiitupe

Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa hapa Reading, Uingereza, mtu akituma picha ya barua ya kampuni ya maegesho, haipiti muda kaka mmoja anajibu: "Hao hawana mamlaka yoyote, chana tupa." Anayesema hivyo ana nia njema, na pengine ushauri huo ulimfaa alipofika nchi hii zamani. Lakini umepitwa na wakati, na nimeona unavyowaumiza watu ninaowapenda. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Zamani, kampuni binafsi ikitaka kukudai kwa kupaki kwenye eneo la duka, ilibidi imjue dereva. Haikumjua, na wewe hukulazimika kuiambia. Mambo yalibadilika tarehe 1 Oktoba 2012. Bunge lilipiga marufuku kufunga magari vyuma vya magurudumu kwenye maeneo binafsi huku England na Wales, jambo jema sana, lakini sheria hiyo hiyo ikazipa kampuni njia ya kumdai mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake, mradi zifuate masharti. Zinalipa DVLA, idara ya serikali inayotunza usajili wa magari, pauni 2.50 na kupewa jina lako na anwani yako. Kisha mwaka 2015 kesi ya Barry Beavis, aliyepitiliza muda wa bure wa saa mbili kwenye eneo la maduka kule Chelmsford, ikafika Mahakama ya Juu. Aliambiwa alipe pauni 85, akabisha kwamba kiasi hicho ni adhabu isiyo halali. Alishindwa. Tangu siku hiyo, hoja ya "pauni mia ni nyingi mno kwa dakika chache" peke yake haina nguvu tena mahakamani. (Ndugu wa Glasgow na Edinburgh, utaratibu huu wa 2012 si wa Scotland. Ulizeni wa kwenu kabla ya kufuata ninayoyaandika.)

Kwa hiyo ukitupa barua, kampuni haichoki. Inaendelea kuandika.

Upande wa pili wapo wanaolipa siku hiyo hiyo kwa hofu. Hawa ndio wengi zaidi kati yetu, hasa akina mama wanaofanya kazi za kulea wazee. Bahasha ikifika ina namba ya gari, picha na maneno makali, wanadhani ni serikali, wanawaza polisi, wanawaza viza. Si serikali. Tiketi ya halmashauri ni kitu kingine kabisa, ina sheria zake na rufaa zake. Hii ya supamaketi ni dai la kampuni kwamba umevunja masharti yaliyoandikwa kwenye mabango yake. Si kosa la jinai. Wana haki ya kudai, na wewe una haki ya kujibu.

Ya wifi yangu ndiyo iliyonifanya nizisome sheria hizi kwa makini. Anafanya zamu za usiku. Siku hiyo alitoka kazini asubuhi, akapitia supamaketi kununua maziwa na mkate, akaenda nyumbani kulala. Jioni alipomchukua mtoto kwenye klabu ya baada ya shule, akarudi dukani pale pale kununua chakula cha usiku. Barua ilipokuja ilisema gari lake lilikaa pale tangu asubuhi mpaka jioni. Pauni 100, au 60 akilipa ndani ya siku 14.

Nilimwomba anitumie ile barua. Ilikuwa na picha mbili. Ya kwanza gari linaingia, taa zimewaka, namba nyeupe ya mbele inasomeka vizuri. Ya pili gari linatoka, namba ya njano ya nyuma, saa imeandikwa pembeni. Katikati ya picha hizo mbili, hakuna kitu. Hakuna picha ya gari likiwa limesimama kwenye nafasi yoyote. Kamera za mlangoni hazihesabu muda uliopaki. Zinasoma namba inapoingia na inapotoka, halafu kompyuta inatoa hesabu. Lori likikufuata kwa karibu mno wakati unatoka, au namba ikiwa na matope, kamera inakosa safari moja ya kutoka na nyingine ya kuingia, na safari zako mbili fupi zinageuka moja ndefu. Ni jambo linalojulikana sana, kampuni zenyewe zinalijua, na bado barua inatumwa kwa mama aliyetoka kukesha na wagonjwa. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Tulikusanya ushahidi. Risiti moja alikuwa ameshaitupa, lakini akaunti yake ya kadi ya pointi ya duka ilionyesha manunuzi mawili, la asubuhi na la jioni, kila moja na saa yake. Klabu ya shule ikampa nakala ya daftari alilosaini kumchukua mtoto. Simu yake nayo ilionyesha mchana wote ilikuwa nyumbani.

Nikamwambia tuanze na duka lenyewe. Hili watu wengi hawalijui: kampuni ya maegesho imewekwa pale na duka au na mwenye eneo, na mara nyingi meneja anaweza kuwaambia wafute. Tulipofika kwenye dawati la huduma kwa wateja, kijana aliyekuwepo akasema hawahusiki, tuiandikie kampuni. Tukamwomba kwa upole atuitie meneja. Meneja alikuja, akaangalia karatasi, akapiga picha namba ya barua, akasema atawaandikia. Kama eneo ni la mwenye maduka mengi na si la supamaketi yenyewe, nguvu ya meneja inaweza kuwa ndogo. Hapo waandikie makao makuu ya duka.

Lakini hatukukaa kumsubiri meneja. Siku hiyo hiyo tulituma pingamizi kwa kampuni, kwa sababu una siku 28 za kupinga na siku zinakwenda. Kama unataka kubaki na nafasi ya kulipa ile 60 wakikukatalia, pinga ndani ya zile siku 14 za mwanzo. Mwishowe baruapepe ikaja kwamba dai limefutwa. Hawakusema ni kwa ajili ya meneja au kwa ajili ya ushahidi wetu, wala hakuna aliyeomba radhi.

Kabla hujaandika chochote, angalia tarehe. Kama hukukuta karatasi kwenye kioo, na barua ya posta ndiyo ya kwanza, inatakiwa iwe imekufikia ndani ya siku 14, kuanzia siku inayofuata ile uliyopaki. Ikichelewa, hawawezi kumdai mwenye usajili kwa sababu tu gari ni lake. Wanabaki na dereva. Katika hali hiyo usiwatajie nani alikuwa anaendesha, sheria haikulazimishi kuiambia kampuni binafsi. Andika kama mwenye usajili, zungumzia gari, basi. Kwa wifi hatukuhitaji hilo kwa sababu ukweli wote ulikuwa upande wake.

Angalia pia dakika. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya kampuni za maegesho, ulioanza tarehe 1 Oktoba 2024, unataka wakupe dakika 10 za ziada muda unaoruhusiwa unapokwisha. Na kwenye maduka ambayo unaandika namba ya gari kwenye kioo cha kugusa, ukiwa umeandika O mahali pa sifuri, kosa dogo kama hilo wanatakiwa wafute. Mwenye ulemavu, au aliyekuwa na mgonjwa anayetembea kwa shida, aseme wazi. Sheria ya Usawa ya 2010 inawahusu hata hawa.

Wakikukataa, rufaa ipo na ni bure. Vyama vya kampuni za maegesho ni viwili: iliyo chini ya BPA rufaa yake inakwenda kwenye huduma ya rufaa iitwayo POPLA, iliyo chini ya IPC inakwenda kwenye ile iitwayo IAS. Barua ya kukukatalia itakwambia ni ipi. Ukishinda POPLA, kampuni inafungwa na uamuzi. Ukishindwa, wewe hufungwi, ila punguzo linakuwa limeondoka.

Baadaye huja barua za wakusanya madeni, na pauni 70 zimeongezwa juu. Hawa si madalali wa mahakama. Hawana ruhusa ya kuingia kwako wala kugusa kitu chako. Usibabaike nao. Ila zipo karatasi mbili ambazo ukizipuuza umejimaliza: barua ya kusudio la kukushtaki, inayokupa siku 30 za kujibu, na fomu ya dai kutoka mahakamani yenyewe. Hiyo ya pili unayo siku 14 baada ya kuhesabiwa kuwa umeipokea, na ukiijulisha mahakama kwamba utajitetea, zinakuwa 28. Usipojibu, hakimu hasikilizi kesi. Hukumu inatolewa tu.

Hapo ndipo kijana mmoja wa kwetu alipoumia. Alihama chumba, akahama tena, kama tunavyohama wote tukiwa wapya hapa. Leseni alibadilisha anwani. Kadi ya gari hakubadilisha. Barua zote, mpaka za mahakama, zilikwenda nyumba ya zamani. Aligundua siku alipoomba mkopo wa nyumba na mkewe na benki ikawakatalia, kwa sababu ya hukumu ya deni la maegesho ambalo hakuwahi kuliona. Hukumu ikipita bila kulipwa ndani ya mwezi mmoja inakaa kwenye rekodi zako za mikopo miaka sita. Kuomba ifutwe inawezekana, lakini ada ya kuomba peke yake inazidi tiketi yenyewe.

Kwa hiyo yeyote aliyehama na bado hajashughulikia jambo hili: kubadilisha anwani ya leseni hakubadilishi ya kadi ya gari. Ni maombi mawili tofauti kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, yote bure. Kwa ya gari utaulizwa namba yenye tarakimu 11 iliyoandikwa kwenye hiyo kadi, ile karatasi ya V5C. Kama huioni nyumbani, omba nyingine sasa, kabla bahasha inayofuata haijaenda kwa mpangaji mwingine.