Plau Lililokuwa Likiitikia

Ugonjwa wa trekta la mjomba ulikuwa kichekesho kuutazama. Mjomba akilinyanyua plau na kuliacha juu, halitulii. Linashuka kidogo, linapanda, linashuka tena, linapanda, kama mtu anayesinzia kitini na kushtuka. Akizima injini, ndiyo kabisa: linazama polepole mpaka ncha za majembe zinagusa udongo.

Trekta lilikuwa Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1964, lenye injini ya Perkins ya silinda 3. Lilishapita mikono mingi kabla ya kufika kwa mjomba, na kwa umri ule mpira wowote uliokuwa ndani yake ulikuwa na haki ya kuchoka. Ila kila aliyepita shambani alikuja na jibu lilelile: imekufa pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kunyanyulia plau. Jirani mmoja hakuishia kusema, alileta kabisa pampu kuukuu ndani ya gunia, imepanguswa ikang'aa, akaapa kwamba ni nzima na itakuwa imefungwa kabla jua halijazama. Mjomba alishaanza kulegea. Nilimwona anavyolifungua lile gunia na kulifunga, kulifungua na kulifunga.

Fundi tuliyemwita alikuwa mzee wa maneno machache. Spana zake aliziacha kwenye mkoba. Alimwomba mjomba anyanyue plau na kuzima injini, akapiga alama ya chaki kwenye madigadi, usawa na mkono wa kunyanyulia, kisha akaketi juu ya ndoo akaangalia alama na mkono vinavyoachana. Akaomba injini iwashwe, plau lishushwe hadi chini, linyanyuliwe tena. Akaangalia na hilo.

"Pampu gani hiyo iliyokufa na bado inanyanyua?" akauliza.

"Lakini halikai juu, fundi," mjomba akasema.

"Kukaa juu si kazi ya pampu, mzee mwenzangu."

Tukamwomba atufafanulie, naye akafafanua huku akichora chini kwa kijiti. Katika mfumo huu, ambao asili yake ni kazi ya mvumbuzi Harry Ferguson, pampu imezama ndani ya oili ya gia boksi, nayo ina pistoni 4. Valvu inayoiongoza iko upande wa kuvuta oili, wala si upande wa kuisukuma. Mikono ikifika pale ulipouweka wenzo wa kunyanyulia, valvu inaziba njia ya kuingilia. Pampu inaendelea kuzunguka lakini haina cha kuvuta. Oili iliyokwisha kupanda inabaki imefungiwa kwenye silinda ya kunyanyulia, siyo zile za injini, na hiyo ndiyo iliyobeba plau. Sasa ikipata upenyo popote, mikono inashuka kidogo, valvu inafunguka, pampu inajazia, mikono inarudi juu. Kumbe kule kuitikia kwa plau kulikuwa ushahidi kwamba pampu inafanya kazi, tena ya ziada. Ingekuwa valvu ya pistoni moja imeharibika, tungeona mikono ikipanda kwa kudundadunda. Yetu ilipanda laini.

Hadi leo mtu akiniambia haidroliki ya trekta lake imekufa, swali langu la kwanza ni kama halinyanyui au linazama. Hayo ni magonjwa mawili, na anayeyachanganya huishia kununua vyuma asivyovihitaji.

Kijiti cha kupimia oili kilipochomolewa, oili ilikuwa imepauka, nyeupenyeupe. Fundi akadondosha kidogo kwenye kifuniko cha kopo na kukiweka motoni. Ikaanza kutatarika na kurusha vichembe: maji. Yaliingilia kwenye mpira wa wenzo wa gia, ambao ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Akasema maji hayo siyo yanayolizamisha plau, lakini oili ile itamwagwa yote, hilo halina mjadala.

Kwanza akapunguza kiasi, mpaka usawa ukashuka chini ya kifuniko cha ubavuni, upande wa kulia, akafungua boliti na kukitoa. Akaagiza mtu yeyote asisimame nyuma ya plau wala karibu nalo. Injini ikawashwa, plau likapanda, nami nikapewa tochi. Nilipoinama akanishika kiwiko.

"Macho tu, mwanangu. Mkono ubaki nje."

Ndani mle kuna vyuma vinavyozunguka, lakini siyo hivyo tu. Oili ya mfumo huu inaweza kufika shinikizo la zaidi ya paundi 2,000 kwa inchi ya mraba, na ikichomoka kwenye tundu dogo inapenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha la hivyo ni la kukimbizwa hospitali, hata kama kinachoonekana nje ni kialama kidogo tu.

Nikaona. Kuna bomba fupi lililosimama wima, linalotoa oili kwenye pampu na kuipeleka juu kwenye silinda. Pale chini linapoingia kwenye pampu palikuwa na mchirizi mwembamba, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, unaopiga ukuta wa gia boksi na kutiririka. Haukukatika hata pampu ilipotulia. Plau likashuka kidogo, pampu ikavuta, mchirizi ukavimba, plau likapanda. Nilirudi nyuma ili mjomba naye aone, akakaa ameinama pale mpaka fundi akamwambia inatosha.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kelele zilizoitangulia. Plau lilishushwa chini kabisa, injini ikazimwa, kifuniko kidogo cha juu karibu na kiti kikafunguliwa, bomba likavutwa kwenda juu. Oringi ya chini, yaani pete ya mpira inayoziba kiungo cha bomba, ilikuwa imekauka na kubanwa hadi ikapoteza uduara, upande mmoja imekatika kipande. Nikaikunja kwa vidole, ikavunjika. Fundi alibadilisha na ya juu pia ingawa ilionekana nzima, akazipaka oili zote mbili na kulirudisha bomba kwa kulizungusha taratibu, maana ukilisukuma kwa pupa unaikata mpya palepale. Tukamwaga oili iliyobaki, tukaweka mpira mpya wa wenzo, tukajaza oili safi.

Jioni ile plau lilinyanyuliwa likatulia. Tuliliacha juu usiku kucha kwa majaribio, likiwa limewekewa magogo chini yake, na asubuhi mkono ulikuwa umeshuka upana wa vidole viwili chini ya chaki. Mjomba akanywea. Fundi akamtuliza kwamba hizo ni ringi za pistoni ya silinda, zimelika kwa umri. Kuzifikia ni mpaka kifuniko kizima cha haidroliki kinyanyuliwe kwa mnyororo, kazi ambayo ingeweza kusubiri msimu uishe. Na hata hivyo, akaongeza, trekta likiegeshwa plau hushushwa.

Jirani alikuja kuchukua gunia lake. Akalizunguka trekta, akamtazama mjomba akipandisha na kushusha, akasema hiyo ni bahati tu, pampu ile itakufa.

"Itakufa, ndiyo," fundi akamjibu, akiendelea kupangusa spana. "Siku hiyo halitanyanyua kabisa. Ndipo uje na gunia."